Mkataba wa pamoja wa waandishi wa gazeti Kenya: mwongozo kamili, kutoka daftari la majina hadi usajili wa mahakama

Kila mara kisa ni kile kile. Waandishi wa gazeti wanajadiliana na mwajiri mwaka mzima, wanatia sahihi, wanapigwa picha wakipeana mikono. Miezi sita baadaye mshahara haujasogea hata shilingi. Wakienda kuuliza, meneja wa wafanyakazi anawajibu kwa upole kabisa: "Lakini hiyo karatasi yenu haijasajiliwa." Kinachouma ni kwamba anasema kweli.

Nchini Kenya mkataba wa pamoja, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri ambayo vyumba vya habari vyote huyaita CBA, huanza kutekelezeka ukishasajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 hakina utata juu ya hilo. Kabla ya hapo mnachoshika mkononi ni ahadi yenye sahihi.

Nimewahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye meza ya wahariri wasaidizi, na tangu hapo wenzangu huniletea mikataba iliyokwama niitazame. Karibu yote hukwama mahali pale pale: hesabu ya wanachama, vifungu vya pesa, sahihi, na siku 14 za kuupeleka mkataba mahakamani. Hapo ndipo nitakapokaa. Mengine nitayapita haraka.

Neno moja kwa wasomaji wa Tanzania: kwenu huu huitwa mkataba wa hali bora, uko chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na huwafunga wahusika tangu sahihi ya mwisho isipokuwa wenyewe wameandika vingine. Nakala hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Hatua za mahakama nitakazoeleza hapa haziwahusu, ila sehemu ya kuandika vifungu itawafaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la waandishi wote, si wanachama pekee: jina, namba ya mshahara, cheo, kazi anayoifanya kwa kweli, na aina ya ajira yake.
- Fomu S, zile za kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, zilizojazwa na kutiwa sahihi, kila moja na nakala yake.
- Katiba ya chama. Humo ndimo mtajua nani ana mamlaka ya kufanya nini, na wanachama wanapigaje kura.
- Sheria mbili za 2007: ya Mahusiano ya Kazi na ya Ajira. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Zichapishe, maana kwenye mazungumzo simu huzimika wakati mbaya.
- Jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Gazeti ni bidhaa tu. Anayewaajiri ni kampuni, na kundi moja la habari linaweza kuwa na kampuni tatu. Itazame hati yako ya mshahara, jina limeandikwa juu.
- Takwimu za mfumuko wa bei za Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, za miaka miwili iliyopita.
- Mtu wa hesabu. Hakuna gazeti lisilo na mwandishi wa biashara anayependa majedwali. Mtafute mapema, mnunulie chai.

## Hatua ya 1: Hesabu vichwa

Mwajiri analazimika kukitambua chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga nacho. Neno zito hapo ni "wanaostahili". Gazeti lina madereva, wauza matangazo, wahasibu na wapiga chapa, na hao si hesabu yenu. Chama cha Wanahabari Kenya, KUJ, huandikisha wanahabari. Mwajiri akikuambia "mko 45 tu kati ya watu 300", muulize hao 300 ni akina nani.

Chukua mfano. Chumba cha habari kina watu 90. Wahariri wakuu na wakuu wa vitengo wenye mamlaka ya kuajiri, kufukuza na kupanga bajeti ni 12, na hao ni menejimenti, hawahesabiwi. Wanabaki 78. Nusu yao ni 39, kwa hiyo mnahitaji 40. Lakini mkiwa 40 kamili, mmoja akijitoa wiki ya kuhesabiwa mmeanguka. Lengeni 50.

Utata wa kwanza ni wa vyeo. Magazeti hupenda kugawa cheo cha mhariri kama peremende. Kinachotazamwa ni kazi yenyewe: je, mtu huyu anaamua sera ya kampuni? Anaajiri? Anashika siri za mishahara ya wenzake? Mtu anayekaa mpaka saa tano usiku akikata aya na kutunga vichwa vya habari hajawa menejimenti kwa sababu tu kadi yake imeandikwa "mhariri msaidizi". Andika kando ya kila jina kazi anayoifanya kwa wiki nzima. Mabishano ya vyeo huishia hapo.

Utata wa pili ni wa waandishi wa mashinani wanaolipwa kwa kila habari. Wengi hawana barua ya ajira, na mwajiri atapinga wasihesabiwe. Ushauri wangu: tengenezeni madaftari mawili. La kwanza liwe na walio kwenye orodha ya mishahara, wa kudumu na wa mkataba wa muda, na wingi wenu utoke humo pekee. La pili liwe la wale wa mashinani, na suala lao liingie baadaye kama kifungu cha mkataba. Mkiwachanganya mapema mtampa mwajiri sababu ya kuivuta hesabu miezi sita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wanachama nao ni mali.

Sasa Fomu S. Hiyo ndiyo karatasi ambayo mfanyakazi humruhusu mwajiri amkate ada ya chama kwenye mshahara. Ikishawasilishwa, mwajiri ana siku 30 za kuanza kukata. Ipeleke kwa barua yenye orodha ya majina, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukiiacha kwa sekretari bila muhuri, hujaiwasilisha.

Onyo. Mara nyingi, wiki chache baada ya fomu kufika, huzuka barua za kujitoa, zote za aya mbili, zote za chapa moja, kana kwamba watu 15 waliota ndoto moja. Sheria inamtaka mwajiri akipelekee chama nakala ya kila barua ya kujitoa. Ziombe kwa maandishi, kisha mkae na wenye majina hayo mmoja mmoja, pembeni, bila kufoka. Na wajue hili: chini ya Sheria ya Ajira, uanachama wa chama hauwezi kuwa sababu halali ya kumpiga mtu kalamu.

Hatua hii imekamilika siku makato ya ada yanapoonekana kwenye hati za mishahara za zaidi ya nusu yenu. Pigeni picha hati hizo mzihifadhi. Ni ushahidi uliotengenezwa na mwajiri mwenyewe.

## Hatua ya 2: Pata mkataba wa utambuzi

Huu ni waraka mfupi, kurasa chache, unaosema kampuni inakitambua chama kuwa msemaji wa waandishi. Lazima uwe wa maandishi. Wengi huuruka kwa sababu mwajiri "ameshakubali kuongea nasi". Kuongea si kutambua. Akibadilishwa meneja kesho, maongezi yote yanaanza upya.

Mwajiri akikataa au akinyamaza, suala hupelekwa kwa mpatanishi, na likishindikana huko huenda mahakamani kwa hati ya dharura. Ofisi ya Katibu Mkuu wa chama ndiyo inayofungua jambo hilo, hivyo kazi yenu ni kuipa daftari safi. Hakikisha waraka wa utambuzi unataja makundi ya kazi yanayohusika: waandishi, wapiga picha, wahariri wasaidizi, wasanifu kurasa, wa dijitali. Kundi lisilotajwa humu litakuja kuachwa nje ya mkataba mkubwa.

## Hatua ya 3: Dai takwimu za kampuni

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinamtaka mwajiri akupe taarifa zinazohitajika ili mazungumzo yawe na maana. Iandikie kampuni barua, uulize: jumla ya mishahara ya chumba cha habari kwa mwaka, idadi ya watu kwa kila daraja, kiwango cha chini na cha juu cha kila daraja, gharama ya bima ya afya, na idadi ya zamu za usiku.

Omba kwa madaraja, usiombe kwa majina. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipite, ukitaka mshahara wa mtu kwa jina lake utajibiwa kwamba ni siri, na wiki tatu zitapotea. Kilichotolewa kwa siri nacho kitunze. Kuona mezani tarakimu ambazo ungezipa ukurasa wa kwanza na kuzinyamazia ni mtihani mgumu kwa mwanahabari, lakini ukivujisha mara moja hutapewa tena.

## Hatua ya 4: Andika vifungu ambavyo mahakama na mhasibu watavielewa kwa namna moja

Hapa ndipo waandishi hujiangusha wenyewe, na ni ajabu, kwa kuwa kazi yetu ni maneno. Tunaandika mkataba kama tahariri. "Mwajiri atajitahidi kuboresha masilahi." Atajitahidi vipi? Kwa shilingi ngapi? Kuanzia lini?

### Pesa

Kila nyongeza ijibu maswali matatu: asilimia ngapi, ya nini, tangu lini.

Tuseme mwandishi anapokea Sh60,000: mshahara wa msingi Sh45,000 na marupurupu ya nyumba Sh15,000. Mkataba unasema "nyongeza ya asilimia 7". Mhasibu akiipiga juu ya jumla, ni Sh4,200. Akiipiga juu ya mshahara wa msingi, ni Sh3,150. Wote wawili wamefuata mkataba. Nani atakuwa amesoma vibaya?

Mwaka wa pili ni mtego mwingine. Tuseme mmekubaliana asilimia 7 ya jumla mwaka wa kwanza na 6 mwaka wa pili. Asilimia 6 ya Sh64,200 mpya inafikisha mshahara Sh68,052. Asilimia 6 ya Sh60,000 za zamani inaufikisha Sh67,800. Tofauti ni Sh252 kwa mwezi, nauli ya siku mbili. Lakini kwa mwaka ni Sh3,024, na kwa watu 40 ni Sh120,960. Kifungu kikae hivi:

*"Kuanzia tarehe 1 Julai ya mwaka wa pili, mshahara wa kila mfanyakazi, ukijumuisha marupurupu ya nyumba, utaongezwa kwa asilimia 6 ya kiasi alichokuwa akilipwa tarehe 30 Juni ya mwaka huo."*

Hakipendezi masikioni, na hakihitaji kupendeza. Kisha chini yake wekeni jedwali: daraja, mshahara wa sasa, wa mwaka wa kwanza, wa mwaka wa pili. Mkibishana juu ya sentensi, jedwali litaamua.

### Tarehe ya kuanza

Usajili wa mahakama ndio unaoupa mkataba nguvu, lakini mkataba wenyewe huhesabiwa tangu tarehe mliyokubaliana. Kwa hiyo iandikwe wazi: unaanza tarehe fulani, unadumu miaka miwili, na malimbikizo yatalipwa pamoja na mshahara wa mwezi unaofuata usajili. Nimeona mkataba mzuri wa kurasa 30 usiokuwa na tarehe ya kuanza. Kampuni ikaihesabu tangu siku ya usajili, na miezi tisa ya nyongeza ikayeyuka.

### Viwango vya chini vya sheria

Mahakama haisajili mkataba unaopingana na sheria. Kabla ya kuongeza kitu, hakikisheni hamjashuka chini ya hivi:

- likizo ya mwaka: siku 21 za kazi zenye malipo;
- likizo ya uzazi: miezi mitatu kwa mama, wiki mbili kwa baba, kwa malipo kamili;
- mapumziko: angalau siku moja katika kila saba;
- notisi ya kuachishwa kwa anayelipwa kwa mwezi: siku 28;
- fidia ya kupunguzwa kazi: angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Kosa la kawaida hutoka kwenye kunakili mkataba wa zamani. Watu huchukua ule wa miaka 20 iliyopita, wanabadilisha tarakimu za mishahara, na kifungu cha likizo kilicho chini ya sheria ya sasa kinabaki kimejificha ukurasa wa 11.

### Mambo ya gazeti hasa

Kifungu cha kupunguza wafanyakazi ndicho mtakachokitumia zaidi, mpende msipende. Siku 15 ni sakafu. Dai zaidi, na mweke utaratibu: notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi tayari iko katika sheria, ila ninyi ongezeni kikao cha mashauriano kabla ya notisi, na orodha ya vigezo vya nani anaondoka.

Zamu ya usiku: anayetoka baada ya saa nne arudishwe nyumbani na gari la kampuni, au alipwe kiasi kilichotajwa. Usiandike "usafiri mwafaka".

Usalama: tangu maandamano ya Juni 2024 sidhani kuna mpiga picha anayehitaji kuelezwa sababu. Tajeni vazi la kinga, kofia, bima inayomfuata mtu akiwa barabarani, na nani analipia kamera iliyovunjwa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inahusu mwili wa mfanyakazi. Kamera yake binafsi haimo.

Kazi inayotumiwa mara ya pili: habari ya gazeti siku hizi inakuwa video, inakuwa sauti, inauzwa kwa shirika jingine. Hakimiliki ya kazi iliyofanywa ukiwa umeajiriwa huwa ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Basi useme.

Kwa waandishi wa mashinani, kifungu kimoja kifupi kinatosha kuanzia: kiwango cha chini kwa kila habari, siku ya kulipwa, na muda ambao mtu akiandika mfululizo apewe barua ya ajira.

Mkimaliza, mpe rasimu mtu ambaye hakuwa kwenye mazungumzo, mwambie akokotoe mshahara wake wa mwaka wa pili. Akipata jibu lile lile mlilo nalo, kifungu cha pesa kimeiva.

## Hatua ya 5: Rudisha rasimu kwa wanachama

Someni katiba ya chama kuhusu kupitisha makubaliano, kisha mwite mkutano kwa notisi ya maandishi. Asomewe kila mtu jedwali la mishahara. Andikeni kumbukumbu: waliohudhuria, kura za ndiyo, kura za hapana.

Jumamosi ni siku mbaya kwa gazeti lenye toleo la Jumapili. Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao cha wahariri, wengi hupatikana. Wa mikoani wapige kura kwa njia ambayo katiba inaruhusu, mapema. Mkataba unaopitishwa na watu 14 wa Nairobi peke yao utapingwa na wa Mombasa na Kisumu, na watakuwa na haki.

## Hatua ya 6: Sahihi

Upande wa mwajiri anatia sahihi mtendaji mkuu au mtu aliyemteua. Upande wa wafanyakazi ni Katibu Mkuu wa chama au mtu aliyeteuliwa naye. Mwenyekiti wa tawi hana mamlaka hayo kwa cheo chake tu, hata kama ndiye aliyekesha kwenye mazungumzo yote.

Nalijua hili kwa kuungua. Gazeti moja nililolifanyia kazi, sisi wa tawi tulitia sahihi kwa mbwembwe, chai na maandazi mezani, Katibu Mkuu akiwa safarini. Hatukuwa na barua ya uteuzi. Iligunduliwa wakati hati zinaandaliwa kwenda mahakamani, na kufikia hapo mtendaji mkuu alikuwa ameondoka na mpya hakutaka kurithi deni. Tulirudi mezani kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo siku ya sahihi:

1. Jina la kampuni lilingane, herufi kwa herufi, na cheti cha usajili.
2. Aliyeteuliwa awe na barua ya uteuzi, na barua iambatishwe.
3. Kila ukurasa utiwe herufi za mwanzo za majina na pande zote mbili, pamoja na viambatisho. Jedwali la mishahara lisilotiwa herufi ni mwaliko wa kubadilishwa.
4. Tarehe iandikwe na kila mtu kwa mkono wake.
5. Toeni nakala halisi za kutosha: ya mwajiri, ya chama, ya mahakama, ya tawi.

Msiondoke chumbani bila nakala yenu. "Tutawatumia kesho" isikubalike.

## Hatua ya 7: Siku 14

Mkataba ukishatiwa sahihi, unatakiwa ufike mahakamani kusajiliwa ndani ya siku 14. Jukumu hilo ni la mwajiri. Hapa ndipo mikataba mingi hufa, maana mwajiri hana haraka na chama kinadhani kazi imeisha.

Sheria imeacha mlango: mwajiri asipowasilisha, chama kinaweza kuwasilisha chenyewe. Utumieni. Chukua kalenda uandike hivi:

- Siku ya 1: barua kwa mwajiri kumkumbusha, mkitaja kifungu cha 60.
- Siku ya 7: mwombe ushahidi wa kuwasilisha, yaani risiti au namba ya faili. Usikubali neno la mdomo.
- Siku ya 10: hakuna ushahidi? Wakili au ofisi ya chama ianze kuandaa hati.
- Siku ya 14: hamna kitu mezani, chama kinawasilisha.

Unaowasilishwa ni mkataba wenyewe na viambatisho vyake vyote. Ambatisheni pia mkataba wa utambuzi. Ukikosekana, swali la kwanza litakuwa chama hiki kinamsemea nani.

Mkiwa mmechelewa, msikate tamaa wala msitie tarehe ya uongo. Wasilisheni na mweleze sababu ya kuchelewa.

## Hatua ya 8: Mkataba ukiwa mahakamani

Mkataba hupitiwa pia na wachumi wa Wizara ya Kazi, wanaotazama nyongeza dhidi ya gharama ya maisha na miongozo ya mishahara ya serikali. Ndiyo maana niliwaambia mbebe takwimu za KNBS. Mkiwa mmeomba asilimia inayozidi mfumuko wa bei mara tatu, mwe na maelezo: kwamba mishahara iligandishwa muda mrefu, kwamba watu wamepungua na kurasa ni zile zile.

Maswali yanayorudi ni machache. Je, kuna kifungu kilicho chini ya sheria? Je, waliotia sahihi wana mamlaka? Je, nyongeza inakokotoleka? Mkiulizwa jambo, jibuni kwa maandishi ndani ya siku chache, na mwajiri apewe nakala. Rekebisho lolote likubaliwe na pande zote mbili. Msibadilishe neno peke yenu hata kama ni kosa la tahajia.

Mshindi wa hatua hii ana karatasi mkononi: mkataba wenye muhuri wa mahakama na namba ya usajili inayoanza na herufi RCA, ikifuatwa na namba na mwaka. Mpaka uione namba hiyo kwa macho yako, usiwaambie wanachama kwamba mkataba umesajiliwa.

## Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza baada ya usajili

Tumeni nakala yenye namba kwa mwajiri na kwa kila mwanachama. Sasa masharti yake yamekuwa sehemu ya barua ya ajira ya kila mwandishi anayehusika, pamoja na yule aliyekataa kujiunga na chama. Huyo wa mwisho ndiye atakayewakera watu, kwamba amekula bila kupika. Lipo jibu la kisheria: chama kinaweza kumwomba Waziri wa Kazi atoe amri ya kuwakata ada ya uwakala wasio wanachama wanaofaidi mkataba. Mnaweza kuliacha hilo hadi hasira zipoe. Mimi ningeanza na kuwakaribisha wajiunge.

Kisha malimbikizo. Mkataba ulianza 1 Julai, umesajiliwa mapema Novemba, na mshahara wa Novemba umekuja na kiwango kipya. Mwandishi wetu wa Sh60,000 anadai miezi minne, Julai hadi Oktoba, kwa Sh4,200: jumla Sh16,800 kabla ya kodi na makato mengine. Kila mtu akokotoe yake kabla hati ya mshahara haijatoka. Makosa ya hesabu siku hizo ni mengi, na sijaona hata moja lililompendelea mwandishi.

## Mahali pengine panapokwama

Kampuni imeuzwa au imebadilisha jina katikati ya mazungumzo. Pata cheti kipya, na muwe na barua ya mwajiri mpya akikiri mkataba wa utambuzi kabla ya kuendelea.

Mwajiri anasema hana pesa. Anaweza kuwa anasema kweli. Hali ya magazeti tunaijua. Mwambie afungue vitabu. Ikibidi, gaweni nyongeza kwa awamu zenye tarehe, kila awamu na kiasi chake kwenye jedwali. Msikubali "itategemea mapato", kwa kuwa mapato huandikwa na yeye.

Mazungumzo yamevunjika kabisa. Chama hupeleka mgogoro wizarani, mpatanishi huteuliwa, na huwa na siku 30 isipokuwa pande zote zimekubali kuongeza. Hapo ndipo lile daftari, zile barua zenye mihuri na kumbukumbu za mkutano hutolewa kwenye faili. Mgomo huja baada ya hapo, kwa notisi ya maandishi ya siku saba, na ofisi ya Katibu Mkuu ndiyo inayoitoa. Anayeanza kugoma kwa ujumbe wa WhatsApp usiku anajitafutia barua ya kufutwa kazi asubuhi.

Mkataba unakaribia kuisha. Fungueni daftari jipya miezi sita kabla, mhesabu vichwa tena. Wanne wamehamia redioni, wawili wamepandishwa wakawa menejimenti, na wale vijana wa meza ya dijitali walioingia Januari bado hakuna aliyewapelekea Fomu S.